Kitabu Alichotuchagulia Mwalimu Yohana

Mjukuu wangu anafanya kazi katika maktaba mjini Kitui. Kila mwezi huandika kwa mkono karatasi ya vitabu alivyovisoma karibuni, upande mmoja hadithi, upande wa pili vitabu vya maarifa, kisha huibandika mlangoni ili wasomaji wajue la kuchagua. Juzi alikuja nayo nyumbani, wino ukinuka bado, akanisomea ili nimwambie kama Kiswahili chake kimenyooka. Nilimsikiliza vizuri mpaka alipofika mstari uliosema kwamba hadithi fulani itamfaa anayemngoja mtu wake aliye mbali. Nikamwambia kichwa kinaniuma, nikaingia chumbani nikalala na viatu. Kichwa hakikuwa kikiniuma. Alipoondoka nilichukua daftari, kwa sababu kuna jambo ambalo sikuweza kumwambia usoni.

Wenzangu wa rika langu mliokulia pande za Mukuyuni mtalikumbuka kanisa letu la kwanza, lile la kuta za udongo na paa la nyasi. Pembeni, karibu na meza ya mhubiri, palikuwa na kabati lililotengenezwa kwa mbao za makasha ya chai. Miguu yake minne ilisimama ndani ya makopo ya mafuta ya taa ili mchwa wasipande. Mchwa walipanda vilevile. Humo ndani mlikuwa na vitabu vya misheni, vichache vya Kikamba, vingi vya Kiswahili, na ukifungua mlango ulipigwa na harufu ya mafuta ya taa, gundi na karatasi iliyolala muda mrefu. Mpaka leo nikiinusa harufu hiyo mimi hutoka nje.

Mwenye ufunguo alikuwa Mwalimu Yohana. Alikuwa amekwenda kubeba mizigo katika vita vya Wajerumani, akarudi na mguu uliopinda na ujuzi wa kusoma. Vyote viwili, alisema, alivipata hospitalini. Hakuruhusu kitabu chochote kitoke kabatini kabla hajakisoma yeye mwenyewe, na kila Jumapili ibada ikiisha alisimama mlangoni na vitabu viwili mkononi, akatueleza alivyoviona.

"Hiki ni cha maarifa," alikuwa akisema. "Kinafundisha jinsi ya kuzuia mvua isichukue udongo. Aliyekiandika nadhani hajashika jembe maisha yake, lakini sura ya tatu ni ya kweli, nimeijaribu shambani kwangu. Mzee Kimeu, chukua wewe, shamba lako lina mteremko." Kisha aliinua kingine. "Hiki cha nyuki nimekimaliza juzi, na siwapi. Nyuki wake si hawa wetu. Mtaumwa bure."

Watu walicheka kidogo, wakakaribia. Wengi hawakujua kusoma, lakini walipenda kumsikia mtu akisema kitabu hiki kizuri, hiki kirefu mno, hiki ruka katikati, kama anavyosema mtu anayenunua mbuzi. Alisema nasi kwa Kikamba, ila aina mbili za vitabu aliziita kwa Kiswahili, kama zilivyoandikwa kwenye rafu: maarifa na hadithi.

Baba yangu aliitwa Musa. Alikuwa ameondoka kwenda Mombasa kubeba makaa bandarini. Mwaka wa kwanza tulipata barua mbili, zimeandikwa kwa mkono wa mtu mwingine, na Mwalimu Yohana ndiye aliyetusomea. Kisha zikakoma. Kila mfuko wa barua ulipofika misheni mama alikwenda akasimama mbali kidogo na wengine, mikono nyuma ya mgongo, mpaka mfuko ukaisha. Hakuuliza. Alirudi akiokota kuni njiani, ili ionekane kwamba alikuwa amekwenda kuni.

Nyumbani tulikuwa watatu: mama, mimi, na mdogo wangu Katunge, ambaye alikuwa na umri wa kuanza kuchunga ndama lakini hatukuwa na ndama. Nzige walikuwa wamepita kunde zikiwa na maua. Nakumbuka mlio wao zaidi ya sura yao, mlio kama wa moto unaotafuna nyasi kavu. Msimu uliofuata mvua haikunyesha kabisa. Tulikula muthokoi mara moja kwa siku, mahindi yaliyokobolewa, bila maharagwe, kisha tukala kila siku ya pili.

Mimi nilikuwa nimesoma shule ya misheni miaka mitatu, na nyumbani kwetu hapakuwa na msomaji mwingine. Kikamba nilikisoma vizuri. Kiswahili nilikisoma kama mtu anayevuka mto kwa mawe: neno nililolijua nilikanyaga, nisilolijua niliruka. Lakini mama aliponisifu mbele ya wanawake kisimani sikumwambia habari za kuruka.

Jumapili moja Mwalimu Yohana aliinua kitabu kisicho na jalada. "Hiki ni hadithi," alisema. "Nimekisoma mara mbili wiki hii. Kurasa za mwanzo mchwa wamekula, lakini haidhuru, mtaelewa. Mwandishi anapenda maneno mengi, hata hivyo mwisho wake umenikalia moyoni. Kitamfaa mama yeyote ambaye mtu wake yuko mbali." Halafu akatazama kule alikosimama mama, akaniita. "Mwende, mwanangu. Mpelekee mama yako. Msomee polepole."

Tulisoma mchana, jua lilipotufukuza shambani, tukiwa tumekaa chini ya ghala lililokuwa tupu. Nilisoma Kiswahili kimoyomoyo, kisha nikasema kwa Kikamba. Siku ya kwanza tu nilikutana na mtu mwenye kovu juu ya jicho, anayefanya kazi bandarini, na jina lake Musa. Baba yangu alikuwa na kovu juu ya jicho. Nilirudi nyuma, nikasoma tena mstari ule kwa kidole.

"Mbona umekwama?" mama akauliza.

Nikamsomea. Aliweka chini kiondo alichokuwa akisuka. Baada ya muda akaniuliza, "Hii ni nini, mwanangu? Ni wano?"

Wano, kwetu, ni zile ngano za jioni zenye fisi na mazimwi. Katika kitabu hiki hamkuwa na fisi wala zimwi. Mlikuwa na meli, na makaa, na gari la moshi.

"Hapana, mwaitu," nikamjibu, maana ndivyo tunavyomwita mama. "Mwalimu amesema ni hadithi."

"Hadithi ndiyo nini?"

Sikujua. Nilikuwa nimelisikia neno lile kila Jumapili na sikuwahi kuuliza. Niliona haya kusema sijui, mama ananitazama vile, na Katunge ananitazama. Nikasema, "Ni uvoo."

Uvoo ni habari. Ni lile neno unalomuuliza mtu aliyetoka safarini.

Mama alichukua kiondo chake, lakini vidole havikusuka tena siku ile.

Basi tukaendelea, kurasa chache kila mchana. Yule Musa aliugua homa akapoteza kumbukumbu, akauguzwa na bikizee mmoja ambaye hakumjua. Siku moja akasikia mtu barabarani akimwita mtoto wake, na jina lile, sawa na la mtoto wa Musa mwenyewe, likamrudishia kila kitu. Akaanza kurudi kwao kwa miguu, akifuata reli. Kitabuni mtoto aliitwa jina jingine, na mke wa Musa aliitwa Mariamu. Nilidhani mwandishi amekosea majina, maana yuko mbali na hatujui. Nikamsahihisha. Niliposoma kwa sauti, mtoto aliitwa Mwende na mke aliitwa Syombua, kama mama.

Katunge alikuwa ameanza kulala mchana kutwa. Akiamka, swali lake lilikuwa moja. "Leo baba amefika wapi?"

"Amepita Voi," nilimwambia. Kesho yake nikamwambia amelala chini ya daraja. Alitabasamu, akafumba macho. Kitabuni Musa alifika kwao siku ya mvua ya kwanza, akamkuta mkewe mlangoni, na hapo ndipo kurasa zilipoisha.

Wakati huo mjomba Mbithi, kaka yake mama, alikuja kutuchukua. Aliishi ng'ambo ya mto Athi, katika milima ya Kitui, ambako kijito chao hakikuwa kimekauka. Alikuwa ametembea siku tatu. Alimtazama Katunge, akamtazama mama.

"Funga mizigo," akasema. "Tutaondoka kesho asubuhi. Mtoto huyu nitambeba mimi."

"Musa anakuja mvua ikianza," mama akajibu. "Akute nyumba tupu?"

"Nani amekuambia?"

"Imeandikwa."

Mjomba hakujua kusoma, na aliyaogopa maandishi. Kwake, karatasi ilikuwa kitu kilichotoka kwa chifu, na kilichoandikwa humo kilitokea, upende usipende. Mama alimpa kitabu. Alikigeuza, akakitazama juu chini, akamrudishia.

"Mwende amekisoma?"

"Chote," mama akasema.

Mjomba akanigeukia. "Ni kweli, mwanangu?"

Ningeweza kusema majina nilibadilisha. Nililifikiria jambo lile, nakumbuka, nikaona kwamba nikisema nitaonekana sikusoma vizuri. Nikatikisa kichwa kukubali.

Alituachia mahindi aliyokuwa nayo, akasema atarudi baada ya miezi miwili, akaondoka peke yake. Kama angembeba Katunge siku ile, angefika kijitoni.

Mahindi yaliisha. Katunge akaanza kuhara. Mama alimpa maji ya majani aliyofundishwa na bibi yake, kisha maji ya uji, kisha maji matupu yenye matope tuliyochimba mchangani. Alikufa adhuhuri moja, kichwa kwenye paja la mama, mimi nimeketi mbele yao nikimpepea na kipande cha ngozi. Nilidhani amelala. Niliendelea kupepea mpaka mama akanishika mkono.

Tulimzika karibu na ua wa miiba. Mwalimu Yohana alikuja kuomba, akachechemea kote njiani chini ya jua lile. Baada ya sala alikaa na mama kidogo. Hakuna aliyetaja kitabu. Mama alisema tu, "Angengoja kidogo," na Mwalimu akadhani anasema habari za mvua.

Mvua ilinyesha wiki tatu baadaye. Ilianza alfajiri, na kabla ya matone kushika ardhi mama alikuwa amefagia uwanja, akavaa kitambaa chake cha kanisani, akaketi mlangoni. Nilikaa naye. Alitazama njia siku ile nzima. Watu walipita wakikimbilia mashambani na majembe mkononi, wakatusalimu, akawajibu. Siku ya pili aliketi tena, na ya tatu. Majirani walipanda. Sisi hatukupanda.

Siku ya nne alisimama, akafunga kitabu ndani ya shuka, akaniambia, "Twende."

Mwalimu Yohana alikuwa kanisani akisogeza kabati, maana paa lilikuwa linavuja. Mama alikiweka kitabu mezani.

"Mwalimu, Musa yuko wapi?"

"Musa? Amepeleka habari?"

"Kitabu chako kilisema anakuja mvua ikianza. Mvua imeanza."

Mwalimu alicheka kidogo, kama mtu aliyedhani anataniwa, kisha akaona uso wa mama akaacha. Akavuta kiti, hakukikalia. "Mama Mwende, huyu wa kitabuni si Musa wako. Mtu alikaa chini akamtunga. Hakuwahi kuwako. Ni kama wano, tofauti ni kwamba imeandikwa."

Tone la maji lilikuwa likianguka mahali pamoja sakafuni, limechimba shimo dogo.

"Kaka yangu alikuja kutuchukua," akasema. "Nilikataa. Nilimwambia imeandikwa."

Nilimwona Mwalimu akielewa. Uso wake ulibadilika polepole, kama mtu anayesoma ukurasa mgumu na kufika mwisho wake. Mama akauliza, "Kwa nini nikaambiwa ni uvoo?"

Hapo Mwalimu alinitazama. Nilikuwa nimetazama miguu yangu, lakini nilijua ananitazama. Alikuwa mtu ambaye alitufundisha kila Jumapili kutenganisha lililotungwa na lililo kweli, na sikuwahi kumsikia akichanganya.

"Mimi ndiye niliyemwambia mtoto hivyo," akasema. "Aliniuliza maana ya hadithi, nikamjibu haraka haraka kwamba ni uvoo. Kosa ni langu."

Nilimwacha aseme, na nilichosikia kifuani, nawaambia bila kujificha, kilikuwa nafuu.

Mama aliwaeleza wazee wa kanisa. Hakupiga kelele wala kulia, alieleza tu, na jambo likaenea kisimani na sokoni. Wanawake walioacha kupeleka watoto shule walitoa sababu ile. Wazee walimwita Mwalimu Yohana, akarudia maneno yale yale, wakamnyang'anya ufunguo. Hapakuwa na mtu mwingine wa kulitunza kabati, kwa hiyo lilifungwa, na mafuta ya taa yalipokauka kwenye makopo mchwa wakamaliza kazi. Mwalimu alihama na mkewe na binti yao Ndinda, ambaye tulikuwa darasa moja, wakaenda kuanza upya upande wa Kwa Vonza. Walipita karibu na kwetu asubuhi wakiwa na mizigo kichwani. Nilijificha nyuma ya ghala mpaka sauti ya fimbo yake ikaisha.

Mjomba alirudi kama alivyoahidi. Alikuta kaburi. Hakumlaumu mama kwa neno hata moja, akatuchukua Kitui, na huko ndiko nilikomalizia kukua. Baadaye alimtuma mtu Mombasa. Jibu lilikuja kwamba baba alikuwa amekufa kwa ugonjwa wa kifua kwenye nyumba ya makuli, muda mrefu kabla hatujafungua kile kitabu. Nilipokuwa nikimwambia Katunge amepita Voi, alikuwa tayari ardhini.

Niliolewa, nikazaa, nikawa mwalimu. Niliwafundisha watoto wengi neno hadithi, na kila mara nililieleza mara mbili. Mama alizeekea kwangu. Siku moja tulikuwa uani tukimenya mbaazi, macho yake yalikuwa yameanza kufifia lakini vidole vilikuwa vile vile, akasema bila kuinua kichwa, "Mwalimu Yohana hakujua kudanganya."

Mbaazi zikanimwagika.

"Aliposema alikuambia ni uvoo, nilikutazama," akaendelea. "Ulikuwa unatazama miguu yako. Wewe ukidanganya hutazama miguu yako tangu ukiwa mdogo."

"Ulijua siku ile ile?"

"Siku ile ile."

"Kwa nini hukusema, mwaitu?"

"Nilikuwa nimezika mtoto mmoja. Ningesema, ningebaki na wangapi?"

Niliokota mbaazi moja moja. Nilipomaliza nikamuuliza, "Na Mwalimu?"

"Mwalimu alikuwa mtu mzima," mama akasema. Halafu, baada ya kumenya nyingine mbili tatu: "Nilihitaji mtu wa kumkasirikia. Wewe sikuweza. Nilitaka kwenda kumwomba msamaha, mwaka ukapita, na mwingine. Kisha nikasikia amekufa. Nenda wewe kwa watu wake, ungali na miguu."

Nilikwenda Kwa Vonza wiki ile ile. Ndinda nilimkuta kwake, mwanamke mnene mwenye nywele nyeupe, anaanika mtama. Hakunitambua mpaka nilipotaja jina la mama. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama, tangu neno uvoo mpaka majina niliyoyabadilisha mpaka ghala nililojificha nyuma yake. Hakunikatiza. Aliendelea kutandaza mtama kwa kiganja, akiusawazisha mahali palipokwisha kusawazika.

"Baba hakutuambia kamwe," akasema mwishowe. "Alisema alikosea neno, mtoto akafa. Hakushika kitabu tena. Nilipoleta vya shule nyumbani alitoka nje. Mama yangu hakuwahi kusimama mbele ya wanawake wa kanisa la hapa, hata alipoombwa. Alisema mume wake ana damu ya mtoto mikononi."

"Nimekuja kukuambia hakuwa nayo."

Kuku walikuwa wamekaribia mtama na Ndinda hakuwafukuza.

"Mama alikufa mwaka juzi," akasema. "Ungekuja yeye akiwapo." Akasimama kwa shida, akashika kiuno, akaingia jikoni. Nilidhani ndiyo amenifukuza, nikachukua mkoba wangu. Nikasikia akiongeza kuni, kisha sauti yake ikatoka ndani, kavu, bila upole na bila hasira.

"Fukuza hao kuku. Halafu kaa. Chai itachukua muda, na wanangu wakirudi kutoka shambani utawaambia wao pia, kama ulivyoniambia mimi. Usiruke kitu."

Nikawafukuza kuku, nikakaa.